Ua Nililoliita Shemeji

Mke wangu alikuja kwangu na vitu vitatu: sanduku la bati, mkeka, na gugu. Sanduku lilikula kutu. Mkeka ukaliwa na mchwa. Gugu ndilo lililobaki. Miaka zaidi ya thelathini lilikaa mlangoni pa jiko, halizai tunda, halitoi kivuli, mbuzi hawalitaki, na kila asubuhi lilimwagiwa maji kabla mimi sijapewa uji. Kwao lina jina, lakini ni la Kizinza, na ulimi wangu wa Kisukuma uligoma kulitamka tangu siku ya kwanza. Nikaliita Shemeji. Lilikuja na mke, likapewa mahali pazuri, likala bure, na halikuonyesha dalili ya kuondoka. Kama huyo si shemeji, ni nani?

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini nina makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu hapa nje kidogo ya Kharumwa, nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe ambao siwahesabu mbele ya wageni, na watoto waliosoma mpaka wakaanza kunisahihisha ninavyoongea. Vyote hivyo nimevipata kwa kusoma kitu ambacho shuleni hawakifundishi, yaani ardhi. Kule Mwakitolyo, wakati wenzangu wanaparura kama kuku popote palipoonekana pekundu, mimi nilikaa siku tatu natazama vichaka. Niliona mstari wa vichaka vya aina moja vilivyobaki kijani katikati ya kiangazi, vimejipanga kama watu kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Nikachimba chini ya mstari ule. Mwamba wa dhahabu ulikuwa pale pale.

Tangu siku hiyo wachimbaji wakikwama huniita nikawatazamie majani. Natazama, nakohoa, naonyesha kwa fimbo. Mara nyingine napatia. Nikikosea nawaambia hawakuchimba kwa kina.

Nimeanza na hayo ili msomaji ajue kwamba kosa ninalotaka kulieleza halikufanywa na mjinga. Mjinga asingeliweza. Lilihitaji mtaalamu.

Mke wangu anatoka kisiwani, kisiwa kimoja kidogo ndani ya ziwa upande huu wa Geita, ambacho ukiinjika uji ukaenda kukizunguka kwa miguu, ukirudi haujachemka. Watu wake hujivuna kana kwamba wana bara zima. Hawana mlima, hawana mto, hawana barabara, lakini wana ua lao la manjano ambalo haliko popote pengine duniani. Nilipoambiwa hivyo nikiwa mchumba nilijibu kwamba hata jipu langu haliko popote pengine duniani. Wakwe zangu hawakucheka. Ni watu wagumu kuchekesha.

Ua lenyewe ni kichaka cha kufika kiunoni. Majani yake ni ya kijivu, chini yana manyoya kama sikio la ndama, na maua ni madogo, ya manjano, yamebanana kama vifungo vya shati la mtoto. Ukilifikicha jani, linanuka asali na mafuta ya taa kwa pamoja. Maua yakikauka yanageuka pamba, pamba inapeperuka, na kwa miaka yote hiyo sikuona hata mche mmoja ukitoka kwenye pamba ile. Ilianguka uani, na mke wangu ni mwanamke wa kufagia uani kila alfajiri mpaka ardhi inang'aa kama sahani. Shina aliloleta aliligawa mashina matatu akayapanda, na matatu yakabaki matatu.

Sasa sikilizeni desturi yao. Msichana wa kisiwa kile akiolewa nje, anang'oa shina moja nyumbani kwao, analifunga kwenye gunia bichi, na analibeba mwenyewe. Akifika kwa mume haingii. Anasimama nje, hasalimii mtu, jua limpige. Mama mwenye nyumba anatoka na kumuuliza, "Umekuja kupita au umekuja kukaa?" Naye anajibu, "Nimekuja kuota." Hapo ndipo anaonyeshwa mahali, anachimba kwa mkono wake, mama mwenye nyumba anamwagia maji, na vigelegele vinapigwa. Marehemu mama yangu, Msukuma asiye na subira, alifundishwa maneno hayo na shangazi wa bibi harusi pale pale nje, na akayasema kama mtu anayesomewa mashtaka. Lakini aliyasema.

Shangazi yule akaongeza jambo la pili, na alilisema akinitazama mimi. Kwao mwanamume akimchoka mke hapigi kelele wala haiti wazee. Anang'oa ua kwa mkono wake. Mke akirudi akakuta shimo, anajua ameambiwa aende kwao, na anakwenda. Mimi wakati huo nilikuwa nawaza ng'ombe niliowatoa, ambao walikuwa wengi kuliko sura ya familia ile ilivyostahili. Nikasema sawa, nimesikia. Nikaona ni utani wa watu wa majini. Sisi Wasukuma mtu akitaka kuachana tunakaa vikao mpaka wenyewe wanachoka na kurudiana.

Mwaka juzi macho ya mke wangu yaliingia ukungu. Alikuwa anasalimia mbuzi akidhani ni wageni. Binti yetu mkubwa, aliyeolewa Shinyanga mjini, akampeleka hospitali Kolandoto, akaambiwa ni mtoto wa jicho, atafanyiwa jicho moja kwanza kisha la pili, na katikati akae karibu. Nikakubali. Aliondoka mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kikali, na maneno yake ya mwisho mlangoni hayakuwa kwaheri. Aliniambia, "Baba, uji utapata popote. Maji ya ua usisahau."

Nilimwagia maji siku tatu. Ya nne nilimwachia Mungu.

Wiki ya pili likaja gari la kazi, jeupe, na bendera ndogo mbele. Akashuka msichana mmoja mwenye miwani na buti, akanipa shikamoo yenye adabu, nikaitikia marahaba, nikampa kigoda. Akasema yeye ni mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu. Alikuwa anatafuta ua moja la jamii ya alizeti, la kisiwa kile, ambalo kisiwani limekwisha kabisa. Wavuvi wamefungua kambi, wamekata vichaka vyote kukaushia dagaa, na palipobaki pamechomwa. Bibi mmoja wa kule ndiye aliyemwambia kwamba mabinti walioolewa nje waliondoka nalo. Basi alikuwa anazunguka nyumba hadi nyumba kuwatafuta mabibi harusi wa zamani, na kila nyumba aliyofika alikuta bibi amekufa, au ua limekufa, au vyote viwili.

Nikamwonyesha mlango wa jiko kwa fimbo. "Hilo hapo. Huyo ndiye Shemeji wangu."

Yule msichana alitazama, kisha akapiga magoti mchangani na suruali yake safi. Mtu mzima mwenye digrii, anapigia magoti Shemeji. Akatoa kijimashine cha kupimia mahali, kikalia, akaandika namba. Akachota udongo wa pale shinani kwa kijiko, akautia kwenye kifuko, akaandika juu ya kifuko. Akapima kwa futi. Akapiga picha majani, maua, ardhi, mpaka ukuta wa jiko.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kufanya kazi. Nimewaona wapima miamba wa makampuni maisha yangu yote. Kijimashine ni kile kile. Kijiko ni kile kile. Kifuko cha udongo chenye maandishi ni kile kile. Tofauti ilikuwa kwamba wale husema ukweli kwamba wanatafuta dhahabu, na huyu aliniambia anatafuta ua.

Akaomba tawi moja na mbegu kidogo akaoteshe chuoni, maana, alisema, hayo matatu yanaweza kuwa ndiyo ya mwisho. Nikamwambia mali ya nyumba haitoki bila barua. Akasema barua ataileta, ila itachukua muda. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu wa msibani. "Mzee wangu, nakuomba kitu kimoja tu. Pale mahali usipaguse."

Mimi nilianza kuchimba nikiwa na ndevu tatu. Mtu akikwambia mahali usipaguse, unajua pana nini.

Gari lilikuwa halijafika barabarani habari ikawa imeshafika sokoni. Jioni alikuja jirani yangu, mwenye mashimo matatu ya dhahabu na rafiki mmoja tu, ambaye ni mimi, na hata mimi nina mashaka. Hakuniuliza hali. Alikwenda moja kwa moja mlangoni pa jiko, akachutama, akachukua udongo akauonja.

"Serikali haichomi mafuta kwa ajili ya ua," akasema.

"Wamesema ua."

"Hata mimi ningesema ua."

Tukalitazama Shemeji wote wawili. Nikaanza kuona mambo ambayo sikuyaona kwa miaka thelathini. Mbona kila kiangazi lilibaki bichi? (Lilimwagiwa maji kila siku, lakini hilo halikunijia.) Mbona matatu yamekaa kwenye mstari? (Mke wangu aliyapanda kwenye mstari.) Nikakumbuka vichaka vya Mwakitolyo. Nikamwambia jirani aende kwake, mimi nimechoka. Aliondoka huku akigeuka nyuma, na nilijua kwa namna alivyogeuka kwamba nisipochimba mimi, wiki haitaisha nitakuta watu mia na sululu uani kwangu, na mwenyekiti wa kijiji akiwa mbele yao na daftari.

Desturi ya kisiwani niliikumbuka? Niliikumbuka kama mtu anavyokumbuka sala wakati chakula kimeshapakuliwa. Nikajiambia nitalitoa taratibu, niliweke kivulini, nichimbe, nipime, nilirudishe, na mke akirudi na macho yake mapya atakuta maua na dhahabu. Asubuhi nikachukua sululu. Kazi hii sikumwachia kijana wa karasha. Dhahabu ya mlangoni kwangu naitoa mwenyewe. Shina la kwanza lilikatika mzizi. La pili nalo. La tatu lilitoka zima, nikajisifu, nikayalaza yote matatu chini ya mti na kuyamwagia maji ya kunawa. Kufika saa sita mbuzi ambao kwa miaka thelathini hawakulitaka Shemeji, siku hiyo walilitaka. Walibakiza vijiti na harufu ya mafuta ya taa.

Nikaendelea kuchimba. Mtu akishapoteza ua atachimba zaidi ili lisiwe limepotea bure, na hiyo ndiyo hesabu iliyowazika wachimbaji wengi. Siku tatu nilishuka mpaka shimo likanifika kifuani. Udongo wa juu na wa chini niliutia kwenye viroba, kumi na sita, nikavipeleka karashani kwangu kwa toroli. Kiroba cha kwanza nikakiosha mwenyewe kwenye karai. Mchanga mweusi kidogo. Cha pili, misumari na kifungo. Cha tatu, mifupa ya kuku. Cha nne, kijiko cha mke wangu kilichopotea zamani, ambacho kwa ajili yake alifukuzwa msichana wa kazi asiye na hatia. Hapo nikaacha. Viroba kumi na viwili vikabaki vimeegemezwa ukutani karashani, midomo wazi, na mimi nikaanza kufikiria maneno.

Sikuyapata. Mke wangu alirudi na binti yetu siku ya Jumamosi mchana, amevaa miwani myeusi kama mwanamuziki. Akaivua pale uani. Akatazama mabati, akasema kumbe yana kutu. Akanitazama mimi, akasema kumbe nimezeeka hivi. Alikuwa anafurahi, jamani. Kila kitu anakitaja. Kisha akageuka kwenye mlango wa jiko lake.

Nilitoa ng'ombe wawili mnadani mke wangu apate kuona, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa ni shimo langu.

Akasogea mpaka ukingoni, akachungulia ndani, akachungulia kushoto na kulia kwake. "Umeng'oa kwa mkono wako?"

Ningeweza kusema ni vijana. Ningeweza kusema ni wezi, na Kharumwa nzima ingeniamini. Lakini mimi ni mtu wa kujivuna, na uongo ni kazi ya watu wasiojiamini. "Kwa mkono wangu. Nilidhani pana mwamba."

"Basi umesema," akajibu.

Hakupaza sauti. Akavaa miwani yake, akamwambia binti yetu wasishushe mizigo, na gari lililowaleta likawarudisha. Mabegi yake hayakugusa ardhi ya uani kwangu. Mimi nilisimama na fimbo yangu kama mlinzi wa shimo.

Siku za kwanza nilimcheka. Nikawaambia watu karashani kwamba mwanamke wa miaka sitini hawezi kuacha nyumba ya matofali kwa sababu ya gugu. Nikajifundisha kupika ugali. Kilichotoka chunguni ningeweza kukiuza kwa mafundi waashi. Nilimpigia binti yangu nikamwambia amwambie mama yake mchezo uishe. Binti akasema mama hana hasira, anakula vizuri, anatazama watu barabarani siku nzima kwa macho yake mapya. Ila anasema kwa desturi yao ameshaambiwa aende, na hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo hajapandwa.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi nasema baba, ulichimba nini?"

Nikatuma wazee wawili wenye busara. Walirudi wameshiba kuku wa binti yangu na kusema mama ana hoja. Nikakumbuka kwamba yule mtaalamu alisema ni jamii ya alizeti. Na mimi alizeti ninalo debe zima. Kama ni jamii moja, ndugu si atasimama badala ya ndugu? Nikafukia shimo nusu, nikapanda alizeti tatu kwenye mstari, nikazimwagia maji, zikatoka upesi kwa kiherehere kama kawaida ya alizeti, na nikamwomba kijana apige picha aitume Shinyanga. Majibu yalikuja kwa sauti ya mke wangu mwenyewe, kwenye simu, karashani, mbele ya watu wote: "Mwambieni hiyo ni ya mafuta ya kupikia."

Walicheka mpaka mashine ikazimwa.

Ikabidi nimpigie yule msichana wa mimea, maana aliniachia namba. Nilitaka kumuuliza kama kuna shina jingine popote, kwa bibi yeyote, nikalichukue kwa heshima. Nikamweleza nilichofanya. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, polepole, kwamba tangu atoke kwangu alikuwa amezunguka mpaka ng'ambo ya ziwa na hakuona jingine. Barua ilikuwa imeshasainiwa. Alikuwa aje wiki ile ile. Hakunitukana. Nilitamani anitukane, tusi ningelijibu. Nilikaa juu ya jiwe pale karashani na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kitu kilikuwa hapa duniani kabla ya babu wa babu yangu, kikavuka ziwa kwenye gunia la msichana mmoja, kikaja kuishia kwangu, kwa mtu anayesoma ardhi.

Mvua za vuli zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja. Wiki nzima hatukusaga. Jua lilipotoka, mama mmoja anayeponda mawe pale kwangu, mtu wa Maswa mwenye mdomo usiopumzika, akaniita kutoka upande wa ukutani.

"Mzee, njoo utazame. Viroba vyako vimeota ndevu."

Nilikwenda niking'aka kwamba ni magugu. Na ni kweli yalikuwa magugu, ya kila aina. Lakini kwenye viroba vitatu, vile vya udongo wa juu nilioukwangua siku ya kwanza, palikuwa na miche ya kijivu, midogo kama ukucha, majani mawili mawili. Nikachutama, magoti yakalia. Nikageuza jani moja kwa ncha ya kidole. Chini lilikuwa na manyoya, kama sikio la ndama. Nikalifikicha kidogo tu, nikanusa.

Asali na mafuta ya taa.

Yule mama akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni vumbi. Akaniambia, "Mvua imenyesha wiki nzima, mzee, vumbi la wapi?" Nikamwambia akaponde mawe.

Siku hiyo nilihamishia ofisi yangu mbele ya viroba vitatu. Nilikaa na fimbo. Kuku aliyesogea alijuta kuanguliwa. Mbuzi niliwafungia zizini wote, wale watuhumiwa hasa. Jirani yangu alikuja akanikuta nalinda udongo, akanong'ona, "Umeipata, eh?" Nikamwambia nimeipata. Akauliza ni gramu ngapi. Nikamwambia haipimiki. Akaondoka mgonjwa kwa wivu, na namshukuru Mungu kwa furaha ndogo ndogo.

Nilimpigia mtaalamu, akafika baada ya siku mbili. Safari hii alipiga magoti na mimi nikapiga, upande wa pili wa kiroba. Akahesabu miche kwa kidole bila kuigusa, na akasema ndiyo yenyewe. Akanieleza kwamba mbegu zile hulala ardhini miaka mingi, hazioti mpaka ardhi ivurugwe na maji yaingie. Uani kwetu zilikuwa zimelala chini ya ardhi ngumu iliyofagiwa, pamba ya kila mwaka juu ya pamba ya mwaka uliopita, na zingelala hadi zife.

"Kwa hiyo aliyeziamsha ni mimi," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Kwa bahati, mzee."

"Wewe una digrii, uite bahati. Mimi naita sululu."

Alicheka, hatimaye. Nikampa viroba viwili vizima, aoteshe chuoni na akarudishe kisiwani akiweza kuwatuliza wale wa dagaa. Barua hakutoa na mimi sikuiuliza. Akaniambia nisubiri miche yangu ikue kidogo kabla ya kuihamisha. Nikasubiri mpaka mwezi wa kwanza, na katika maisha yangu sijawahi kusubiri kitu bila kukipigia kelele isipokuwa hicho.

Kisha nikachagua mche ulioshiba. Nikaufunga na udongo wake kwenye kipande cha gunia bichi, nikapanda gari la Shinyanga nikiwa nimeupakata. Kondakta akataka uwekwe juu na mizigo. Nilimtazama, akaona ni heri nibaki nao.

Nyumba ya binti yangu iko mtaa wa watu wenye mageti. Nilifika jua la saa saba. Mkwe wangu, mume wa binti, akatoka mbio kunipokea, kijana wa ofisini mwenye adabu, akainama kunisalimia. Sikuitikia. Bibi harusi haitikii. Akadhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi kwa makosa ambayo sikuwa nayajua, na niliyatunza kichwani kwa matumizi ya baadaye. Binti yangu akatoka, akaona gunia, akaweka mkono mdomoni, akarudi ndani. Majirani wakaanza kupanda juu ya vitu ili waone vizuri. Mimi nimesimama. Mwenye makarasha mawili, mwenye kuitwa kutazama majani toka Mwakitolyo hadi hapa, nimesimama nje ya geti na gunia linanichuruzikia tope kwenye suruali ya kanisani.

Mke wangu hakuja haraka. Nilimsikia ndani anamalizia kuosha vyombo, sahani moja moja. Nilizihesabu. Alikuwa anaosha hata zilizo safi.

Mwishowe akatoka, amejifunga kanga kifuani, anajikausha mikono. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Ana macho makali sana sasa, wale waganga wa Kolandoto walifanya kazi yao. Akalitazama gunia. Akasogea, akageuza jani, akalinusa. Uso wake sikuweza kuusoma, na mimi nasoma mengi.

"Umekuja kupita," akauliza, "au umekuja kukaa?"

Njia nzima nilikuwa nimetengeneza maneno ya kumchekesha. Nilikuwa na moja zuri kuhusu Shemeji kumfuata dada yake. Lakini jua lile, mkwe ananitazama, nikayaacha.

"Nimekuja kuota," nikasema.

Hakupiga kigelegele. Aliyekipiga ni binti yetu, dirishani. Mke wangu alinyoosha mkono akachukua kopo la maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo, akamwagia gunia, na nusu ikanimwagikia mimi. Nadhani alipima.

"Hapa si kwangu," akasema. "Twende nyumbani ukapande."

Tulirudi kesho yake. Alizeti alizing'oa yeye, kwa mkono wake, na akawapa kuku. Shimo nililifukia mimi, peke yangu, amekaa kwenye kigoda anaelekeza. Mche ule niliupanda mimi, miwili mingine tuliipanda baadaye kwa mstari uliopinda, kwa makusudi, jirani asije akaona mwamba. Ile sehemu ya uani haifagiwi tena. Inaonekana kama nyumba ya watu wavivu, na wageni wanashangaa.

Maua ya kwanza yalitoka mwaka huu. Mke wangu aliyaona kabla yangu, akiwa mbali, na hakuniita. Alikuja tu na kikombe cha uji akanipa, nikagundua baadaye kwamba ua lilikuwa bado halijamwagiwa maji. Nikachukua kopo, nikaenda nikalimwagia mwenyewe. Uji ulipoa. Si kitu.